Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Jumamosi, 9 Novemba

Adongo hakuniuliza, alinitaarifu. Nikiwa na mswaki mdomoni! Mama yake anakuja Mwanza kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. La kushoto halioni tena, la kulia linaona watu kama moshi wa jikoni. Daktari kasema asipofanyiwa sasa atamalizia maisha yake gizani. Siku imepatikana, Jumanne ya tarehe 19.

Nikasema vizuri sana. Adongo akanitazama. Ndipo nikakumbuka.

Mama mkwe ni Mjaluo wa Shirati, wa zamani, wa kweli. Miaka tisa nimemuoa binti yake, hajawahi kuniambia neno. Si ugomvi — ni heshima. Mkwe hasemeshwi, hatazamwi usoni, hashikwi mkono, na chakula hakiliwi mbele yake. Kubwa kuliko yote: mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Mimi ni Msukuma, sisi nasi tuna haya za ukweni, lakini zetu zina likizo. Zake hazina.

Ameshamwambia Adongo kwenye simu kwamba ni heri abaki kipofu kwake kuliko kulala kwangu. Adongo kamwambia aje tu, la kulala litajulikana hapa hapa. Sijui litajulikanaje.

Jumatano, 13 Novemba

Nimerudi kutoka Shirati kumchukua mama mkwe. Mgongo umekufa.

Mpango ulikuwa shemeji Okal asafiri nasi, awe katikati, maneno yapitie kwake. Asubuhi Okal akaja kusema injini ya mtumbwi imekorofisha, hawezi kuondoka. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, ndani ya gari la chuo ninakofundisha udereva, lenye bango la L mbele na nyuma. Shirati mpaka Mwanza! Na kuku mmoja, zawadi ya kumpelekea Adongo.

Mama mkwe kakaa nyuma, kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi. Nimewasha gari, nikainua macho kwenye kioo cha ndani kama ninavyofundisha — na huyo hapo, mzima mzima, katikati ya kioo. Nikashtuka kama mwizi. Nikakigeuzia juu, kikaangalia paa. Mimi, ninayefelisha watu kila mwezi kwa kutotazama kioo.

Mpaka Utegi kimya. Kisha nikasikia sauti nyuma, Kiswahili cha polepole: "Kuku, huyu dereva anakimbilia wapi? Mwambie sisi si mizigo."

Nikapunguza mwendo. Tulipovuka daraja la Kirumi: "Kuku, tukipata mahali pa kuchimba dawa tutashukuru." Nikasimama penye vichaka, nikaenda mbele nikajifanya nakagua tairi. Nyuma yangu nasikia fimbo yake inapapasa mawe, inakosea, inarudi. Ningeweza kumshika mkono, hatua chache tu. Sikuweza. Nilitazama tairi nikajisikia vibaya sana.

Adongo husema kuku wa mama yake wanaongeleshwa Kijaluo. Huyu wa leo kaongeleshwa Kiswahili njia nzima, kwa faida yangu.

Lamadi tukapata chai. Yeye garini, mimi nimechuchumaa nyuma ya buti na chapati yangu kama nimeiiba.

Magu, trafiki. Kazunguka gari, kaona bango la L, kaona kioo kinaangalia paa. Akauliza kama mimi ndiye mwanafunzi. Nikasema mimi ni mwalimu. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Nikamwonyesha nyuma kwa kidevu, nikamnong'oneza: mama mkwe. Akachungulia, akavua kofia. "Shikamoo mama." Nyuma ikajibu marahaba baba, habari za kazi. Trafiki anajibiwa mwenyewe, mimi napitia kwa kuku! Akanirudishia leseni kwa mikono miwili. Kasema niende taratibu, na pole.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika ofisini, Mirongo, juu ya godoro, chini ya chati ya alama za barabarani. Iliyo juu ya kichwa changu ni ile ya HAKUNA KUINGIA.

Jana tulipofika nyumbani Nyakato mama mkwe aligoma kushuka. Adongo akatoka, wakabishana Kijaluo dirishani. Binti yetu Favour, miaka minne, akapanda akamkumbatia kuku. Majirani wakatoka kuangalia. Mimi nilisimama mbele ya gari nikitazama boneti, sikuwa na pengine pa kutazama.

Adongo ndiye aliyepata jibu. Huyu mwanamke kupelekwa ualimu ni makosa, angekuwa wakili. Alimwambia mama yake: hii nyumba si ya mume wangu Nkwabi. Ni ya mzee Chenge, sisi ni wapangaji. Paa la Chenge, kuta za Chenge, hata choo cha Chenge. Kwa hiyo unalala kwa Chenge, na Chenge hajaoa kwenu.

Kisha swali likatoka kwenye kitenge, kwa kuku: na huyo dereva atalala wapi? Adongo akajibu haraka kwamba dereva analala kwingine. Hapo ndipo na mimi nilipopata habari.

Miaka tisa ndugu zangu wananisimanga, unajenga lini, unajenga lini. Leo kupanga kumenifaa. Ningekuwa nimejenga, mama mkwe angegeuza njia na jicho lake.

Jumatatu, 18 Novemba

Kuku kachinjwa jana. Nililetewa paja langu ofisini kwenye hotipoti. Lilikuwa gumu, lakini nililila kwa heshima, tumesafiri pamoja.

Sasa mkalimani ni Favour. Nikienda asubuhi kuchukua shati nasimama barazani. Ndani inasikika: "Favour, mwambie baba yako shati liko kwenye kamba." Favour anatoka mbio: "Baba, bibi anasema umenenepa." Na bibi haoni! Tafsiri za huyu mtoto hazina uhakika.

Kesho hospitali. Adongo hali vizuri tangu Jumamosi.

Jumanne, 19 Novemba

Benchi la nje tangu asubuhi. Adongo ndani na mama yake. Sikutarajia kuogopa — mtu ambaye hajawahi kunisemesha! Lakini niliogopa. Jicho lisipofunguka, atasema ni adhabu ya kulala kwa mkwe, Chenge au si Chenge. Na hataruhusu lile jingine liguswe. Kisha Adongo, pamoja na elimu yake yote, ataamini hivyo hivyo moyoni, na tutaishi na hilo.

Wametoka saa nane. Nusu ya uso imefungwa bandeji. Nikageukia ukuta mpaka walipopita. Ukuta una tangazo la kunawa mikono, nimelisoma lote.

Jumatano, 20 Novemba

Linaona! Linaona!

Adongo kanisimulia kwenye simu, analia na kucheka. Bandeji ilipotolewa, wa kwanza kuonekana ni Favour. Bibi kamshika kidevu, kamgeuza kwenye mwanga, kamchunguza, kisha akatangaza mbele ya wauguzi: "Hii pua si ya kwetu."

Nimejitazama kwenye kioo cha pembeni cha gari. Kweli, ni yangu. Nimefurahi kuliko nilivyopaswa.

Dawa ya matone wamepewa, asubuhi, mchana, jioni na wakati wa kulala. Daktari kasisitiza wasiruke hata mara moja, jicho likipata uchafu sasa hivi ndiyo basi, halitengenezeki tena. Asijiwekee mwenyewe, mikono yake inatetemeka, ataligonga na chupa. Adongo ndiye anadondosha. Mimi naleta mkaa na mboga, naacha barazani, nagonga, naondoka.

Ijumaa, 22 Novemba

Mwanafunzi mmoja leo, mama Suzana, nimemkaripia atazame kioo. Kaniuliza kwa adabu kwa nini chetu kinaangalia paa. Nimesahau kukirudisha tangu ile safari! Nimemwambia ni sehemu ya mtihani.

Kesho Adongo anavuka ziwa kwenda Nansio, mwalimu mwenzake kafiwa na mume. Anawapa pole wafiwa, anarudi na meli ya mchana. Matone ya mchana ataweka Rebeka, jirani.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika barazani, nyumbani kwangu. Kwa Chenge.

Mvua tangu asubuhi. Adongo alimdondoshea mama yake dawa, akaondoka kabla mvua haijachanganya. Mchana nikaleta mkaa, nikamkuta Rebeka anaingia na chupa. Rebeka anakaanga samaki pale njia panda, macho ya sangara anayanyofoa kwa kidole huku anapiga soga. La mtu limemshinda! Kalifunua, likamwangalia, akatoka mbio. Kaniwekea chupa mkononi, kasema kichwa kinamzunguka. Amejifungia kwake, nimegonga mara mbili, ananijibu "pole shemeji" kupitia dirishani.

Nikampigia Adongo. Upepo mtupu kwenye simu. Ziwa limechafuka, meli haitoki mpaka kesho. Kasema: "Baba Favour, weka wewe." Nikamwambia hajui anachosema. Kasema anajua, nani ajue kuliko yeye. Akalia. Kasema lile jicho likiharibika hatajisamehe yeye, na mimi hatanisamehe. Simu ikakata.

Nikamtuma Favour ndani aulize kama nimpeleke bibi hospitali kwa gari. Jibu likaja: bibi anasema akashikwe na nani mpaka kwenye gari? Tena kule bondeni maji yamefunika daraja, vijana wamerudi na pikipiki mabegani. Favour kajitolea kuweka yeye. Asubuhi kamdondoshea mwanasesere wake mchuzi wa maharage kwenye macho yote mawili. Nikakataa. Amenuna, kisha kalala kwenye mkeka. Mkalimani kalala!

Basi nimekaa. Matone ya mchana hayakuingia. Ya jioni muda wake umefika. Chupa iko mfukoni, imepata joto. Nina hasira na Shirati yote, na mila zao na zetu, na Rebeka, na ziwa. Nina hasira na mimi pia, maana hakuna anayenizuia zaidi ya mlango ambao hata komeo hauna.

"Baba Favour."

Nikadhani ni redio ya jirani.

"Baba Favour, uko hapo?"

Hakuna kuku, hakuna mtoto. Miaka tisa! Nikajikuta nimesimama. Nikasema nipo, mama.

"Linawasha," akasema. Nikasikia anavuta pumzi. Mvua kwenye bati. Nikafikiri ameishia hapo. Kisha: "Sikia. Lile la zamani nimelifunga na kitambaa. Hilo ndilo linalojua mila. Hili la hospitali ni la juzi tu, bado halijafundishwa. Ingia."

Nimeomba ninawe mikono kwanza. Nimenawa kwa sabuni ya kufulia, nikanawa tena mpaka kwenye viwiko. Mlango uko nusu wazi. Naona miguu yake kando ya kitanda, kakaa wima, na kichwa naamini ameshakiinua, maana kitenge kimeanguka sakafuni na hajakiokota. Nimechukua daftari hili kidogo tu, mikono itulie. Wanafunzi wangu huwa nawaambia vuta pumzi, kanyaga klachi, usitazame miguu. Haisaidii.

Anauliza kama bado nipo. Nimejibu nipo, mama, nakausha mikono.