Theluthi Iliyobaki Pipani

3 Juni

Shikamoo dada,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kifua kimeacha kukusumbua. Mimi mwili mzima, roho ndiyo iko juu juu.

Hapa kiwandani tunapika thina ya kuzimulia rangi kwa asidi ya siki na spiriti. Msimamizi siku hizi kaagiza vipimo viwe sawa kwa sawa, spiriti isiliwe sana. Nikipima, theluthi nzima ya asidi imebaki. Nimeacha pipa lichemke kutwa, theluthi ileile. Amesema mbele ya wenzangu kwamba napima ovyo, na muda wangu wa majaribio kazini ukiisha nitafute pengine. Wewe unafundisha kemia. Nimekosea wapi?

Mdogo wako

8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, kifua kimetulia. Kula kwanza, ndipo usome.

Hujakosea. Mchanganyiko huo haugeuki wote. Unafika kwenye msawazo, thina ikitengenezwa na kuvunjika kwa kasi moja. Namba yake ya msawazo ni karibu nne. Tuseme kila lita ina moli moja ya asidi na moja ya spiriti. Ikitokea x ya thina, maji yanayotokea pamoja nayo ni x pia. Asidi na spiriti zinabaki moja kutoa x kila moja. Zidisha vilivyotokea, gawanya kwa zao la vilivyobaki: lazima upate nne. Chukua kipeuo cha pili pande zote: x ukiigawa kwa moja kutoa x, utapata mbili. Basi x ni theluthi mbili, na theluthi yako ya asidi ni halali kabisa. Spiriti ikiwa mara tatu, sehemu tisa kati ya kumi za asidi zitageuka.

Usimwendee msimamizi kwa ubishi. Mwombe mpike pamoja.

Dada yako

17 Juni

Shikamoo dada,

Hamjambo nyumbani? Mimi sijambo, na safari hii ni kweli.

Nilimwomba. Alikunja uso, akavaa glavu, akapima kila kitu mwenyewe. Ikabaki theluthi. Akarudia, theluthi. Nikamwonyesha hesabu yako taratibu. Akaniambia tujaribu spiriti mara tatu. Asidi iliyobaki ilikuwa kidogo mno.

Alikaa juu ya ndoo, akasema, “Binti, mimi ndiye niliyepunguza spiriti.” Akawaita wenzangu, akalirudia neno hilo mbele yao. Kazi nimepewa, ya kudumu.

Nilijifungia chooni nikalia mpaka mama wa usafi akagonga, akidhani naumwa. Alipouona uso wangu alicheka, nami nikacheka naye, tumeshikilia ufagio mmoja.

Mdogo wako