Wanauliza Kama Waweke Alama Kando ya Jina Lako

Baba Kiden wangu,

Wenzako wa ng'ambo wameniandikia. Makala mliyoihangaikia miaka yote ile iko tayari, na wanauliza kama waweke kando ya jina lako alama ya aliyefariki.

Nimekaa na swali hilo siku tatu. Unakumbuka tuliporudi hapa mtaani kwetu Atlabara kutoka Kampala, ukanieleza kazi yako? Ulisema huko ng'ambo protoni, vijichembe vya ndani ya atomu, zinagonganishwa kwa nguvu kubwa, nanyi mnapekua mabaki ya migongano mkitafuta chembe nyepesi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Nikauliza mtaijuaje. "Inapenya vyuma vyote vya mitambo bila kugusa kitu," ulisema, "halafu mbele inavunjika, inazaa chembe mbili zinazoonekana. Hizo ndizo tunazosubiri." Ulipekua migongano hiyo kwenye kompyuta, mezani petu pa chakula, mpaka sola iishe nguvu.

Asubuhi ile ya mwisho kukuona, maduka ya mtaa wa Malakia hayakufunguliwa, na mtandao ulikatika. Nilikuomba ubaki. Ukasema wanasubiri hesabu zako za mwisho, na kule soko la Konyo Konyo kuna Mganda muuza simu mwenye dishi la setilaiti. Ukapanda boda boda na begi lako la kijani. Yule Mganda aliniambia ulituma, ukasoma jibu, ukatabasamu: chembe haikuwepo, lakini sasa mnajua mahali pa kutotafuta tena. Ukatoka. Haikupita muda, bunduki zikaanza kulia.

Nimekutafuta hospitalini, vituoni, kwa mapadri. Hakuna anayekujua.

Jumamosi nililiona begi lako limening'inizwa kwenye kibanda sokoni, lile nililolishona mkanda kwa uzi mweusi. Nikamuuliza muuzaji amelipata wapi. Alitazama nyuma yangu kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wewe enda nyumbani. Hiyo maneno usiuliza tena."

Nilipogeuka, wanaume wawili walikuwa wananiangalia. Tangu siku hiyo gari lao linasimama mbele ya lango letu kila asubuhi. Kiden simpeleki shule.

Leo nimewajibu wenzako: wekeni alama. Kisha nikafunga nguo chache, zangu na za mtoto. Kesho tunashika njia ya Nimule, kule mpakani, turudi Uganda tulikotoka.

Nisamehe. Nakuacha mjini humu bila kaburi. Wewe sijui ulipo; ni jina lako tu ninalojua lilipo, kwenye makala ile, na alama kando yake.

Mkeo,
Mama Kiden