Kilemba Vipande Viwili

Hayes, London
Jumamosi, 13 Novemba 1971

Mpendwa kaka Harrison,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai Voi mko wazima, na magoti ya Mama yamepunguza kuuma. Je, dawa anakunywa au bado anaificha chini ya mto? Sisi afya tunayo, ila mimi tangu juzi nina wasiwasi.

Asante kwa kitambaa. Cheupe, laini, pamba tupu! Kwa mtu asiyevaa hata kofia umechagua vizuri, na hapo sikuviki kilemba cha ukoka.

Kama nilivyokuandikia, baba mkwe ametutoka, na kesho hekaluni kwa Masingasinga mume wangu Mohinder anafungwa kilemba mbele ya watu. Ndiye kifungua mimba, kwa hiyo ndiye mkuu wa nyumba sasa. Kwa desturi yao kilemba hicho hutoka kwa watu wa mke. Shangazi yake Jaswinder, ambaye mpaka leo ananiita "yule wa Voi", kila tukionana anauliza kama jamaa zangu wataleta kilemba au kikapu.

Basi nafungua kifurushi, natoa kitambaa, natoa na kingine! Nikakaa chini. Ndipo nikasoma kikaratasi cha Mama, kwamba haifai mmoja avikwe na mdogo wake abaki kichwa wazi, kwa hiyo amewakatia sawasawa, Mohinder chake na Surinder chake. Jamani Mama! Alisikia kwamba shemeji yangu Surinder alikata nywele, jambo ambalo kwao ni mwiko, alipopata kazi uwanja wa ndege, na tangu hapo ndugu hawa hawasemezani. Akaona awapatanishe kwa mkasi.

Lakini nusu ya kilemba haitoshi kichwa, kaka. Na kilemba kilichokatwa, Shangazi atasema ni nyumba iliyokatwa, na aliyeikata ni mimi. Niliogopa kweli. Madukani huku vimejaa, ningenunua kingine, ila hicho kisingekuwa chenu. Nikaviunga kwa mkono.

Leo mchana Mohinder akataka kukijaribu. Kabla ya kufungwa, kilemba huvutwa na watu wawili, mmoja ncha hii, mwingine ile, ndipo kikunjwe. Ncha ya pili huishika mimi. Leo nilikataa, naogopa uzi utakatika. Akauona mshono. Ikabidi niseme yote, na maneno ya Mama nikamsomea, huku Surinder amesimama mlangoni na viti vya wageni alivyotuletea. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

Mohinder akamrushia Surinder ile ncha ya pili.

"Vuta," akasema. "Usiogope."

Surinder akavuta. Mimi nilifumba macho, kaka, na uzi ukashika.

Kesho bado naiogopa. Shangazi ana macho makali, na Mohinder hataki mshono ufichwe. Niombeeni.

Nisalimie wifi yangu Margaret na Douglas wenu. Mungu awalinde, awape mvua ya kutosha. Mama asiambiwe kwamba alikosea. Mwambie kilemba kimewatosha wote wawili.

Dada yako akupendaye,
Jedidah