Protini ya Kooni mwa Baba

Jumatatu, 8 Agosti 1994
Nimechota maji. Nimemnyoa Baba, polepole pale kwenye uvimbe wa shingo. Sauti yake imebaki mnong'ono. Kesho kutwa ni hospitali, na mkalimani ni mimi, kwa sababu Mama na Shangazi hawaelewi Kiingereza cha daktari. Naogopa kuongea mbele ya watu. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 10 Agosti
Kile kipande walichokata kooni kilipimwa Nairobi. Ni kansa. Daktari anasema seli zake zina protini fulani nyingi kupita kiasi, alama kwamba inaweza kukua haraka. Nikauliza kama kuna dawa ya hiyo protini. Hakuna, bado wanaisoma. Matibabu ni yale yale: kuchomwa kwa miale, mradi tu asikonde zaidi.
Sasa tunajua. Kujua kwenyewe kunamsaidia nani?
Niliwaeleza yote kwa Kikamba pale kwa korido. Shangazi alishika neno moja tu.

Ijumaa, 12 Agosti
Shangazi, dada ya Baba, ndiye hufundisha akina mama wa kanisa mambo ya lishe. Maharagwe, mayai, maziwa: protini, hujenga mwili. Sasa ameamua kwamba tukimpa Baba hivyo tunajenga uvimbe. Baba apewe uji mwepesi wa mahindi tu. Mama amekubali.
Nilimwambia protini ya daktari inatengenezwa na kansa yenyewe, haitoki kwa sahani.
"Wewe wa Form Two ndiyo utanifundisha chakula?"
Nikaenda kukoroga ule uji. Najichukia.

Jumapili, 14 Agosti
Kanisani wamemwombea. Shangazi amesifiwa kwa kumtunza ndugu yake. Suruali ya Baba sasa inafungwa na kamba ya katani. Anakufa njaa kwa boma lenye kuku. Nimemchukia Shangazi wakati wa maombi, macho yakiwa yamefungwa.

Jumanne, 16 Agosti
Leo Baba ameanguka akienda chooni.
Mimi nina jina la nyanya, mama yao Baba na Shangazi. Tangu nizaliwe Baba ananiita mwaitu, mama yangu. Shangazi pia, akiwa na furaha. Nilisimama mbele yao.
"Mimi ndiye niliwazaa nyinyi wawili. Mtoto wangu atakula."
Nilidhani Shangazi atanichapa. Aliangalia chini. Baba alicheka bila sauti, mabega tu. Mama akaenda kutafuta mayai.

Jumatano, 24 Agosti
Wamempima uzito. Hawezi miale sasa, daktari amesema, amedhoofika sana. Tumlishe, tumrudishe mwezi ujao. Hakusema kama uvimbe utangoja. Sikuuliza.

Alhamisi, 25 Agosti
Shangazi amekuja na maziwa. Hakusema pole. Amemshika Baba kichwa, mimi nikashika kijiko. Kidogo kimeingia, kingine kimerudi. Tumempangusa kidevu, tukangoja apumue, tukaanza tena.