Kaburi la Baba na Reli ya Banda

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua duka langu hapa Banda. Mchele, sabuni, mafuta ya kupikia. Wanafunzi wa chuo cha Kyambogo wamekuja kununua mayai na kubishana nami kuhusu ukubwa wa mayai, kana kwamba nayataga mimi.

Watu wa reli wamerudi. Vizibao vya kung'aa, viatu safi. Wamechungulia kwenye kile chombo chao cha miguu mitatu, mbele ya mlango wangu, bila hata salamu. Reli nyepesi, wanasema, itafuata barabara ya Jinja mpaka Kireka na kuondoa foleni. Haya, iondoe. Mimi siwapendi.

Nyumba ya jirani yetu, Afande Ocen, wameipiga alama nyekundu. Hapo ndipo wanataka kituo. Mzee wa watu, polisi mstaafu, amesimama mlangoni mikono nyuma kama yuko gwaride. Nimemwonea huruma kwelikweli.

Alhamisi, 8 Mei

Afande amejenga kaburi! Juzi pale mbele ya kibaraza palikuwa na ndoo na kuku. Leo kuna kaburi la saruji, msalaba juu, jina la mama yake. Watu wa kwao hawazikwi Kampala. Mkewe alipofariki mtaa mzima tulichangia gari, akapelekwa kwao Gulu. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe alisindikiza.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kila mtu anajua watu wa reli wanaogopa makaburi. Kuhamisha maiti ni vibali, ni sala, ni ugomvi wa ukoo mzima. Mjanja yule mzee. Nimempelekea sambusa.

Jumanne, 13 Mei

Sambusa zile zimkwame kooni.

Wameliona kaburi lake, wameliandika, wamesogeza kituo. Wamekisogezea kwetu. Vigingi vimeingia nyuma ya duka, kwenye nyasi, pale alipolala baba. Kimoja wamekipigilia kifuani mwake. Nimeking'oa kwa mikono yangu.

Baba alifundisha madrasa hapa Banda mpaka sauti ikamwisha. Aliniambia mimi niliyekuwa namnywesha uji, si mdogo wangu Twaha: kaburi nisijengewe. Saruji hapana, jina hapana. Udongo, basi. Tukafanya hivyo. Sasa mvua imeshasawazisha mwinuko, na asiyejua anaona uwanja tu. Mimi naweza kufika pale nimefumba macho.

Jumatano, 14 Mei

Nakasero, ofisi ya mradi wa reli. Nimekalishwa tangu asubuhi. Mwishowe binti mmoja mwenye sauti laini akanitandazia ramani. "Nyabo," akaniita kwa heshima, "hapa tumeandika kiwanja kitupu." Nikamwambia kiwanja kitupu hicho ni baba yangu. Akauliza mbona kaburi halionekani kwenye picha zao za angani.

Hasira zikanipanda. Nikasema lile la jirani yangu linaloonekana ni la uongo, hakuna mtu ndani. Akafurahi kabisa. Akasema basi ni rahisi, timu itakuja kufukua yote mawili, haki itendeke kwa pande zote.

Kufukua yote mawili. Nilitaka kumtupia kiti. Nikamwambia afute maneno yangu yote. Akasema sawa, lakini ramani inafungwa mwisho wa mwezi, na kama hakuna cha kuandika, kituo ni hapo.

Nimerudi kwa boda nikilia. Dereva akadhani namwogopa, akapunguza mwendo.

Jumatatu, 19 Mei

Twaha amekuja kutoka Nakawa. "Dada, tumwekee saruji yaishe." Kasema hivyo huku anakula chakula changu. Siku zote ametamani baba awe na kaburi la vigae kama la matajiri. Wasia hakuusikia, alikuwa Juba na biashara zake.

Nimemfukuza. Akiwa mlangoni akasema baba hakujua kama kuna reli inakuja. Hilo limenikera kuliko yote.

Alhamisi, 22 Mei

Afande kasimama nje ya duka mpaka wateja wakaisha. Akavua kofia.

"Mama Zainabu, mimi hapana jua kama watasukuma kwako. Mimi nilitaka nyumba yangu tu. Hawa watu, kitu kama haina simiti, hawaoni."

Nikamwambia akalivunje kaburi lake leo hii. Akaitazama kofia. "Nikivunja, mimi nitalala wapi?"

Nimemfungia mlango usoni. Namchukia. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile, na bado namchukia.

Jumamosi, 24 Mei

Vigingi vimerudi. Nimeving'oa tena. Kiganja kimechubuka. Sina hamu ya chakula wala ya mtu.

Jumatano, 28 Mei

Ramani inafungwa wiki hii. Nimemwita Twaha.

Kaja na mifuko ya saruji na mchanga, na hajui hata kuchanganya. Anatia maji kama anakoroga uji. Afande akatutazama kwa mbali, kisha akaja na mwiko wake bila kuitwa. Nilifungua mdomo nimtimue. Nikamsogezea ndoo ya maji. Ule mkono ulikuwa unajua kazi, umetoka kuifanya juzijuzi.

Hawakujua waanzie wapi. Mimi ndiye niliyewaonyesha kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Nilipiga magoti, nikapima kwa mikono yangu ukubwa wa baba yangu.

Nikasema jina lisiwekwe. Twaha akasema bila jina yule binti hataandika kitu. Basi nikachukua msumari nikaliandika mwenyewe kwenye saruji mbichi, maana sikutaka mkono mwingine uliguse.

Nimemwasi baba.

Ijumaa, 30 Mei

Binti wa Nakasero kaja na kamera. Kaona saruji mpya, kasahau maneno yangu ya ofisini, akadhani tumezika juzi. Akanipa pole ya msiba. Nikaipokea. Kisha akakumbuka, akauliza mbona kwenye ramani yake hapakuwa na kitu. Nikamtazama machoni nikasema tumelikarabati. Akaandika.

Mstari wa reli sasa unavuka barabara. Kituo kitakaa upande wa pili, kwenye gereji. Twaha amepiga kelele za furaha hadi kuku wakakimbia. Afande kaniinulia mkono kutoka kibarazani kwake. Nimegeuka kupanga sabuni. Nawaza mwenye gereji atajenga nini usiku wa leo.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi nimetoka na kijembe kung'oa magugu, kama nifanyavyo kila mvua ikikatika. Nimefika, nimechuchumaa, hakuna cha kung'oa.

Maji yalikuwa yametuama kwenye herufi za jina lake. Nimeyafuta kwa ncha ya leso, herufi moja moja. Nimemsomea Fatiha. Kisha nimekwenda kufungua duka.