Mlio wa Gurudumu la Mbele

Jumanne, 10 Juni 1913

Motokari imeanza kulia.

Nilikuwa nafua kwenye mfereji wa chini nikaisikia inarudi shambani. Ta — ta — ta. Mlio mkavu, kama mtu anayegonga kucha juu ya kibuyu. Lukasi alipokuja nyumbani hakuuliza chakula. Nikajua na yeye ameusikia.

Kaka yangu ndiye dereva wa Bwana Miwani. Hilo ndilo jina tulilompa. Jina lake la Kijerumani hatuna haja nalo humu. Ana shamba la mpira ng'ambo ya Mwembesongo, na bei ya mpira imeanguka mwaka huu, na tangu ianguke kila kitu kwake ni kosa la mtu. Mwezi uliopita mtunza bustani alikula kiboko hamsa wa ishirini, yaani ishirini na tano, kwa ajili ya ndoo iliyotoboka. Anatembea kwa kuinama mpaka leo.

Motokari ina magurudumu matatu. Injini imekaa juu ya gurudumu la mbele kama kuku juu ya mayai, na mnyororo unalivuta gurudumu hilo hilo. Mawili ya nyuma yanafuata tu. Kwa hiyo kinacholia mbele si kitu kidogo. Mbele ndiko kila kitu kiliko.

Jumatano, 11 Juni

Lukasi amesema ni mnyororo umelegea. Ameukaza. Asubuhi ulinyamaza, jioni ukarudi na nguvu zaidi.

Akaliinua gari kwa gogo, akalizungusha gurudumu hewani kwa mkono. Kimya kabisa! Akalishusha, akaliendesha uani — ta, ta, ta. Akakaa chini akashika kichwa.

Mimi nawaza. Kinu chenye ufa hakisemi kikiwa kitupu. Husema mchi unapotua. Huu mlio unataka uzito. Tena nimeona jambo jingine: akipinda kushoto unakuwa mkali, akipinda kulia unafifia. Sikumwambia. Masista walinifunza Kijerumani na hesabu na kushona, na bado nikiwa mbele ya wanaume naona aibu kusema jambo nisilotumwa. Nakaa kwa Lukasi mpaka shule ya wasichana ya Mgeta ifunguliwe, na sitaki aone nimekuja kumfundisha kazi.

Lakini usingizi hauji. Ni aibu gani hii inayonyamaza wakati ndugu wa tumbo moja anaogopa?

Alhamisi, 12 Juni

Nimesema.

Bwana alikuwa kwenye miti yake. Nilichana kanga yangu ya zamani, nikafunga kitambaa chekundu kwenye mnyororo, na kitambaa cheupe kwenye njiti moja ya gurudumu. Lukasi alicheka, akaniuliza kama nalipeleka gari kwa mganga. Nikamwambia apande ili uzito uwepo, na vibarua wasukume polepole. Mimi nikatembea ubavuni nimeinama, vumbi lote puani.

Chekundu kilipita na kurudi, mlio haukukijali. Cheupe kila kilipofika juu — ta. Kila kilipofika juu — ta.

Si mnyororo. Ni ndani ya kitovu cha gurudumu, kwenye zile gololi za chuma linazozungukia. Nadhani moja imepasuka. Na mnyororo uliokazwa umekuwa ukilivuta gurudumu mbele na kuzisaga zilizobaki. Lukasi aliacha kucheka. Akasema taratibu kwamba gololi zikiisha, gurudumu litajilaza lenyewe, na likijilaza katika mwendo hakuna usukani.

Kesho atamwambia Bwana alifungue. Amelala kama mtoto. Mimi pia, leo, najisikia mtu.

Ijumaa, 13 Juni

Mikidadi mpishi ni mtani wetu. Ukoo wake na wetu hutukanana tangu enzi za mababu, Mwislamu kwa Mkristo, hakuna anayejali, na atakapokufa mmoja wetu yeye ndiye atakayechekesha waombolezaji. Hilo kila Mluguru analijua. Bwana Miwani halijui.

Lukasi alienda barazani. Alikuwa hajafungua kinywa, Bwana akauliza gari lina nini. Mikidadi alikuwa anamimina kahawa. Akadakia.

"Amelilisha mchanga, Bwana. Kwao hawana unga, hata wageni wanakula mchanga."

Vibarua wakacheka. Na Lukasi akacheka. Ilimpasa! Anayemnunia mtani amevunja jambo kubwa kuliko gari.

Bwana hakucheka. Alishuka akafunua bati la mnyororo. Mchanga ulikuwepo, bila shaka — barabara yetu ni ya nini, kama si mchanga? Akaukusanya kiganjani. Akamwonyesha Lukasi. Lukasi akaanza habari ya gololi, Bwana akamkatiza. Akasema ameona kwa macho yake mtu akicheka uharibifu wake mwenyewe.

Jumatatu atampeleka boma, kwa serikali, akapigwe kiboko.

Jumamosi, 14 Juni

Mikidadi amekuja, amekaa mlangoni, hataki kuingia. Amekwenda kwa Bwana mara mbili kueleza kwamba ule ni utani. Bwana alimwuliza utani ni nini. Akaeleza. Bwana akasema mtu hamtukani rafiki yake mbele ya bwana wake bila sababu; kwamba Mikidadi alisema kweli kwa kicheko, na sasa anaikana kwa hofu ya ukoo wa Lukasi.

Lukasi akampa kigoda, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba ukoo wa Mikidadi hata kusema uongo hawajui, ndiyo maana hawaaminiki. Hiyo ndiyo namna yake ya kumsamehe. Mikidadi alijaribu kurudisha.

Sijawahi kumwona mtani akikosa neno.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nilikwenda kwa Bwana mwenyewe. Nilisema Kijerumani. Aliweka gazeti chini, akanitazama kama mbuzi aliyesalimia.

Nilieleza yote: uzito, kona ya kushoto, vitambaa viwili. Nilimwomba jambo moja tu, alifungue gurudumu. Mchanga hauwezi kupasua gololi kwa siku moja. Akiona iliyopasuka atajua imechoka kwa muda mrefu.

Aliuliza nani alilifungua kabla. Nikasema hakuna. Akauliza nimejuaje basi kilicho ndani. Nikasema kwa kusikiliza. Alitabasamu! Nikadhani nimemfikia.

Akasema: "Vizuri. Kesho nitaendesha mimi mpaka boma, na kaka yako atakaa kando yangu. Likivunjika, wewe ulisema kweli na simpeleki kokote. Likifika, alilitia mchanga, na wewe ni mwongo."

Nikamwambia likivunjika wataumia. Akasema yeye haliogopi gari lake.

Nimerudi nikaeleza yote. Lukasi alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nina hakika na gololi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ni vizuri, Skola." Vizuri! Tangu hapo nimepiga magoti, nimeshika rozari, na sijui niombe nini. Gari lizima ni mgongo wake. Gari bovu ni shingo yake. Salamu Maria, kisha nanyamaza. Naanza tena, nanyamaza tena.

Jumatatu, 16 Juni

Wameondoka sasa hivi. Naandika nikiwa mlangoni.

Lukasi alivaa shati la kanisani. Askari aliyetoka boma alitaka kumfunga mikono, Bwana akakataa, akasema anaweza kuhitaji kujishika. Alisema hivyo akicheka, lakini nilimwona akilipiga lile gurudumu la mbele kwa ncha ya kiatu kabla ya kupanda. Kwa hiyo na yeye ameusikia. Kwa hiyo anajua!

Askari amebaki, gari halina nafasi. Mikidadi amevua aproni akaitupa chini, anakimbia nyuma ya gari katika vumbi, mtu mzima, mikono mitupu. Hakuna aliyemtuma.

Lukasi alinitazama mara moja. Alisema nisikilize.

Nasikiliza. Barabara hadi mtoni imenyooka, mlio mdogo. Wamepita mwembe wa soko. Kutoka hapa naona vumbi tu na mlima nyuma yake. Mbele yao kuna mteremko, kisha kona ya daraja. Kona ya kushoto.

Nimejua ninaomba nini. Nilidhani sijui. Nilifumbua midomo nikasikia nikiomba livunjike — hapa, sasa, kabla ya mteremko, wakati mwendo ungali mdogo. Namwomba Mungu avunje kitu ambacho kaka yangu amekalia.

Vumbi limefika juu ya mteremko. Bwana hapunguzi mwendo.

Ta, ta, ta, ta. Kila mmoja naupokea hapa kifuani. Vumbi linapinda kushoto. Mlio umepanda, naweza kuusikia juu ya maji.

Bado unalia.