Dada Paulina Amesema Mwenyewe

Rhotia, Jumanne jioni

Nilidhani Dada Paulina atanichukia. Hakunichukia.

Mimi ndiye niliyemwambia nesi leo kwamba dada halali, tulipompeleka mtoto wake kliniki kuchanjwa. Wiki sita zote tangu ajifungue dada amekaa ndani, na nyumbani hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kwetu mzazi hukaa ndani. Mama aliwaambia majirani kwa furaha, "Ametulia, anapumzika." Lakini mimi nalala naye chumba kimoja. Mtoto akilala, yeye halali. Mtoto akilia, anatazama ukuta. Juzi aliniambia ingefaa mtoto alelewe na mtu mwingine, nikaogopa sana.

Nilipomaliza kumwambia nesi, Mama alinikata jicho. "Mambo ya ndani unakuja kuyaanika huku?"

Nesi alimgeukia dada, akamuuliza taratibu, "Mama, ni kweli hulali?"

Dada akasema, "Ni kweli. Nilifikiri mimi ni mama mbaya."

"Huo ni ugonjwa. Unawapata wazazi wengi, na unatibika," nesi alisema, akamwita daktari palepale. Ijumaa tunarudi kwa daktari.

Bado nina wasiwasi. Sijui atachukua muda gani kupona, na mimi shuleni nina mitihani, nikiwa sipo nani atakaa naye?

Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani, dada alikaa kwenye nyasi akaanza kulia. Nilitegemea Mama aseme watu wanatuona. Badala yake alimpokea mtoto, akamfunga mgongoni, akakaa karibu na dada.

"Lia tu, mwanangu," alisema. "Hatuna haraka."